Baba yuko ICU na kila daktari anasema lake: tushike lipi?

Swali: Daktari, baba yetu ana miaka 63. Leo ni siku ya tisa yuko ICU kwa nimonia kali, amewekewa mashine ya kupumulia na amelazwa kwa dawa za usingizi. Juzi daktari mmoja alituambia hali yake imetulia, tukafurahi. Jana mwingine akasema figo zimeanza kushindwa na tujiandae kwa lolote. Leo asubuhi wanazungumzia kumtoboa koo. Mimi ndiye binti mkubwa, wadogo zangu wote wananiangalia mimi, na mama swali lake ni moja tu: anatusikia? Tutajuaje kama anapona, au kuna jambo tunafichwa?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Siku tisa za kusubiri nje ya ICU ni ndefu mno, na wewe una mzigo wa ziada: kutoka mle ndani na kuwaeleza wenzako jambo ambalo hata wewe hujaelezwa likaeleweka. Nitajibu yote uliyouliza, ila nianze na neno moja ambalo naona ndilo lililowavuruga. Neno lenyewe ni "imetulia".

Sisi tunaofanya kazi mle ndani tukisema hali ya mgonjwa imetulia, tunamaanisha kwamba kwa saa kadhaa zilizopita hajabadilika. Basi. Mgonjwa anaweza kutulia akiwa kwenye hatari kubwa, na akabaki hapo hapo siku nne. Ninyi mlio nje mkilisikia neno hilo mnaelewa kwamba amevuka. Kosa hili nalijua kwa sababu nilishalifanya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwambia kijana mmoja kwamba mama yake ametulia. Jioni ile akawapigia simu ndugu zake, na wengine waliokuwa tayari wako njiani wakageuza. Alfajiri mama akafariki. Kijana yule hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "Si ulisema ametulia?" Tangu siku hiyo silitamki neno hilo likabaki peke yake. Naongeza papo hapo: ametulia, lakini bado yuko hatarini, na mashine bado zinambeba kwa kiasi fulani, nikakitaja.

Kwa hiyo huenda madaktari wenu wote wawili walisema kweli. Wa kwanza alizungumzia mapafu ambayo siku ile hayakuharibika zaidi, wa pili akazungumzia figo zilizoanza kuyumba siku iliyofuata. Hakuna aliyewaunganishia habari hizo mbili, na hilo ndilo tatizo.

Sasa hapo kwenye kubebwa ndipo lilipo jibu la swali lako la kupona, nivumilie nilieleze taratibu.

Mashine za ICU haziponyi nimonia. Wanaopambana na vijidudu ni dawa za antibiotiki pamoja na mwili wa baba wenyewe. Kazi ya mashine ni kumbeba mgonjwa asife wakati mapambano hayo yakiendelea. Asili ya vyumba hivi inalionyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio, na wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumua na kumeza. Hospitali iliyowapokea ilikuwa na mashine chache mno. Mwezi Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alimshughulikia msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho: akatobolewa koo, akawekewa mpira, hewa ikasukumwa mapafuni kwa mfuko unaominywa kwa mkono. Msichana akanusurika. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana, kwa miezi, kila mmoja ameketi kando ya kitanda anaminya mfuko. Kabla ya hapo wengi waliofikia hali ile walikufa. Sasa wengi wakaishi. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo, ambacho huhesabiwa kuwa miongoni mwa ICU za mwanzo kabisa duniani.

Hakuna hata mmoja kati ya wanafunzi wale aliyetibu polio. Walimpumulia mgonjwa hadi mwili wake ukapata nguvu ya kupumua wenyewe. Mashine iliyo kando ya kitanda cha baba yako inafanya kazi ya mkono wa mwanafunzi yule, wala haifanyi zaidi.

Ukilishika hilo, utaona kwa nini kuuliza "leo anaendeleaje?" kunakupa majibu yanayogongana. Jaribu kuuliza hivi: leo anabebwa zaidi au pungufu kuliko juzi?

Chukua oksijeni, maana ndiyo rahisi kuifuatilia. Kwenye skrini iliyo juu ya kitanda kuna namba inayotoka kwenye ile klipu ya kidoleni: 95, 93, 97. Familia nyingi huiganda namba hiyo kutwa nzima, ikishuka moja mioyo inaruka. Namba ile inaonyesha oksijeni iliyofika kwenye damu. Haionyeshi imefikaje. Hilo liko kwenye skrini nyingine, ya mashine ya kupumulia, ambako daktari amepanga asilimia ya oksijeni anayopewa mgonjwa. Hewa tunayovuta wewe na mimi ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mashine inaweza kumpa mgonjwa kuanzia hiyo 21 mpaka 100. Sasa tuseme kuna wagonjwa wawili vitanda jirani, wote kidoleni wanasoma 95. Mmoja anapewa asilimia 40, mwingine asilimia 90. Wa kwanza, mambo mengine yakiwa sawa, anakaribia kujaribiwa apumue mwenyewe. Wa pili amebebwa mzimamzima, na hana akiba: akiyumba kidogo hakuna pa kumpandisha. Ukitazama kidole tu, huwezi kuwatofautisha.

Mashine hiyo hiyo huacha shinikizo dogo mapafuni kila pumzi inapotoka ili vifuko vya hewa visisinyae. Shinikizo hilo likipandishwa, hiyo nayo ni kubebwa zaidi. Lakini ukiishika asilimia ya oksijeni peke yake, tayari umeshika mengi.

Presha nayo ni vivyo hivyo. Kando ya kitanda utaona mashine ndogo zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja imeshika bomba la sindano kubwa inalolisukuma polepole mno, huwezi kuona likisogea. Kama maambukizi yamemshusha baba presha, mojawapo ina dawa ya noradrenalini, au ya jamii yake, inayokaza mishipa ya damu ili presha isiporomoke. Kwa kawaida tunalenga wastani wa presha usishuke chini ya 65. Kama leo wastani ni 70 kwa dawa kidogo, na juzi ulikuwa 70 kwa dawa mara tatu ya hiyo, basi baba amepiga hatua ingawa skrini haikusema lolote. Ikiwa ni kinyume chake, amerudi nyuma ingawa skrini inapendeza. Namba iliyo kwenye pampu usiisome mwenyewe, kwa sababu dawa huchanganywa kwa nguvu tofauti, muulize muuguzi wa zamu, "Dawa ya presha imepanda au imeshuka tangu jana?" Yeye ndiye anayeigusa pampu ile saa baada ya saa. Kwa swali hili, jibu lake mara nyingi ni zuri kuliko la daktari anayepita na msafara wake asubuhi.

Na linganisha siku tatu tatu. Kupona ICU hakuendi moja kwa moja. Mgonjwa anayepona anaweza kupata homa mpya usiku, oksijeni ikapandishwa kutoka 45 hadi 60, kesho yake mchana ikarudi 45. Ukipima kwa saa, wewe na mama mtapanda na kushuka mpaka muugue ninyi. Ukipima kwa siku tatu, mwelekeo unaonekana.

Nije kwenye figo. Maambukizi makali yakishusha presha na kuvuruga mzunguko wa damu, figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema. Mkojo unapungua kwenye ule mfuko unaoning'inia kando ya kitanda, uchafu unapanda kwenye vipimo vya damu, na pengine inaletwa mashine ya kusafisha damu, ambayo kwa wagonjwa mahututi huweza kuendeshwa polepole saa 24 mfululizo. Nataka uelewe mambo mawili hapa. Figo zilizoshindwa kwa namna hii mara nyingi huamka: wengi wanaotoka ICU wakiwa hai hatimaye huishi bila mashine ya figo, japo wapo wanaobaki nayo. Jambo la pili ndilo lililomfanya daktari wa jana awaambie mjiandae. Sisi huhesabu viungo. Baba alikuwa anabebwa mapafu. Sasa inaelekea abebwe na figo. Kila kiungo kinachoongezeka kwenye hesabu hiyo hupunguza uwezekano wa kutoka salama, na hupunguza kwa kiasi kikubwa, hasa viungo vikikaa siku nyingi bila kuamka. Kwa hiyo habari ya jana ilikuwa nzito kweli. Sitaki kukufariji kwa kuipunguza.

Kumtoboa koo, kwa upande mwingine, ndiyo habari inayowatisha watu kuliko inavyostahili. Sasa hivi mpira wa mashine unapita mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye bomba la hewa linaloelekea mapafuni. Mpira ule unakera, na ndiyo sababu mojawapo ya kumlaza kwa dawa. Ukikaa muda mrefu unaweza kuumiza koo na nyuzi zile. Ikionekana mgonjwa atahitaji mashine kwa wiki kadhaa, mara nyingi kuanzia siku ya kumi hivi na kuendelea madaktari hufikiria kuhamishia njia ya hewa mbele ya shingo. Mdomo unakuwa huru na rahisi kusafishwa, dawa za usingizi zinaweza kupunguzwa, na anaweza kuanza kuamka na kukalishwa. Akipata nguvu mpira hutolewa, na kwa wengi tundu hujifunga lenyewe baada ya siku au wiki chache. Mwanzoni hatatoa sauti, kwa sababu hewa haipiti kwenye nyuzi za sauti. Baadaye kuna kifuniko maalumu kinachowawezesha wengi kusema. Hatua hii haina maana kwamba wamekata tamaa. Ina maana kwamba wanatarajia safari ndefu. Kwa hiyo kabla hamjatia saini, waulizeni swali moja: "Safari hiyo ndefu mnatarajia inamfikisha wapi?" Jibu lake litawafungulia mazungumzo ambayo nadhani hamjayapata.

Mama anauliza kama anasikia. Mwambie azungumze naye kana kwamba anasikia kila neno. Dawa za usingizi hazizimi akili kama taa. Kuna saa mgonjwa yuko chini kabisa, kuna saa yuko karibu na juu, hasa pale tunapopunguza dawa kwa makusudi ili tuone anavyoitikia. Nimekutana na waliopona wakanisimulia sauti ya mtu wao neno kwa neno, na waliopona wasikumbuke hata siku moja. Wapo pia waliokumbuka mambo ya kutisha ambayo hayakutokea: kwamba walifungwa, kwamba wauguzi walikuwa wanataka kuwaua. Akili iliyolazwa huchukua kengele, mwanga na mikono inayomgeuza ikavitungia hadithi yake. Sauti anayoijua huirudisha. Ndiyo sababu namsisitizia mama asizungumze maneno ya jumla tu. Aseme jina lake kwanza. "Ni mimi. Leo ni Jumanne, ni jioni. Uko hospitalini, uliugua mapafu, mashine inakusaidia kupumua ndiyo maana huwezi kusema. Watoto wote wazima." Kisha anyamaze kidogo, amshike. Baada ya saa moja ayarudie.

Kuna mama mmoja sitamsahau. Mume wake alikuwa siku ya sita kwenye mashine. Kila alipopewa nafasi ya kuingia alisimama miguuni mwa kitanda, uso kauinua kwenye skrini, midomo inasoma namba. Dakika zote za kumwona mgonjwa zilipita hivyo, siku sita. Siku hiyo nilimwomba ruhusa nikaigeuza skrini upande wetu. Akashtuka kama niliyemnyang'anya kitu. Nikamvutia kiti hadi kwenye bega la mumewe, nikamwonyesha mkono usio na sindano, nikamwambia namba ni zamu yetu. Alikaa kitambo hajui aanzie wapi. Kisha akaona kwamba ndevu zimeota na midomo imekauka. Akamwomba muuguzi pamba yenye maji, akaanza kumpangusa midomo polepole, akimweleza habari za bomba la maji la nyumbani lililopasuka na nani aliyekuja kulitengeneza. Mimi sikuwa na dawa yoyote ya kulingana na hiyo.

Kuna mambo mtakayoyaona yakawaogofya bure. Uso na mikono huvimba kwa maji anayotundikiwa. Huisha mwili ukianza kuyatoa. Vidole vinaweza kuwa baridi kwa sababu ya dawa ya presha. Mkimkuta amelazwa kifudifudi, ni njia ya kuyafungua mapafu ya nyuma, na hukaa hivyo saa 16 au zaidi kwa mkupuo. Kengele hulia mchana kutwa, nyingi kwa sababu waya umelegea au amekohoa. Mtazame muuguzi, asipokimbia msikimbie. Wakianza kumwamsha anaweza kuweweseka, asiwatambue, akawatukana, akajaribu kung'oa mipira. Wagonjwa wengi wa mashine hupitia hali hiyo. Kwamba jana hakukutambua haina maana kwamba akili yake imeharibika. Kama huvaa miwani au kifaa cha masikio, vipelekeni. Mtu aliyetoka usingizini akiwa haoni wala hasikii vizuri atachanganyikiwa zaidi.

Umeuliza kama mnafichwa. Sidhani, ingawa naelewa kwa nini unahisi hivyo. Utafiti mmoja wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima ndugu wa wagonjwa wa ICU mara tu baada ya kuzungumza na daktari: takriban nusu hawakuwa wameelewa ugonjwa, matibabu au matarajio. Ndugu wale walikuwa watu wenye akili zao. Mtu aliye kwenye hofu husikia sentensi ya kwanza, iliyobaki inampita. Nasi tunaongea tukiwa tumesimama mlangoni, kwa haraka, kwa maneno ya darasani, na zamu hubadilika kabla hamjatuzoea sura. Wapo pia wenzangu wanaoogopa kusema "anaweza kufa" wakazungukazunguka. Lawama hiyo ni yetu.

Kwa hiyo dai kikao. Sema hivi kwa muuguzi msimamizi: "Tunaomba kukaa na daktari bingwa anayemsimamia baba, tukiwa tumeketi, hata dakika 20." Muwe watatu au wanne, mama akiwemo. Mmoja aandike kwenye daftari, kwa sababu kesho kila mmoja atakuwa amekumbuka jambo lake. Muulizeni anabebwa viungo vingapi, na kila kimoja kinaelekea wapi kwa siku tatu zilizopita. Muulizeni mambo yakienda vizuri kabisa baba atakuwaje baada ya miezi mitatu, yakiharibika yataharibika vipi, na yeye mwenyewe anaona njia ipi ndiyo inayoelekea. Msimbane kwa asilimia. Alama tunazohesabu kupima uzito wa ugonjwa huzungumzia kundi la wagonjwa mia, nani ataangukia upande gani hazisemi. Mwisho, mmoja wenu arudie kwa maneno yake alichokielewa, daktari amsahihishe. Baada ya hapo chagueni msemaji mmoja wa familia, ambaye nadhani ni wewe, na madaktari wawe na namba yake ya simu. Wadogo zako wasiingie mmoja mmoja kuuliza kila mtu swali lile lile. Ndivyo mnavyopata majibu sita ya mgonjwa mmoja.

Katika kikao hicho pengine mtaulizwa jambo gumu: moyo wa baba ukisimama, tumkandamize kifua na kuushtua? Ni haki yako kujua ukweli wa jambo hili kabla ya kujibu. Kati ya watu wazima ambao moyo umesimama wakiwa hospitalini, takriban mmoja kati ya wanne au watano ndiye anayetoka akiwa hai. Kwa mtu ambaye moyo unasimama huku tayari yuko kwenye mashine, presha inashikiliwa kwa dawa na viungo kadhaa vimeshindwa, uwezekano uko chini zaidi ya hapo, kwa sababu moyo umesimama kwa kuzidiwa na yale yale ambayo tumeshindwa kuyarekebisha. Wapo wanaotaka ijaribiwe hata hivyo. Wapo wanaosema baba asiondoke akiwa anavunjwa mbavu. Wote nimewaheshimu.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote niliyoandika. Ukiulizwa hivyo, usidhani umekabidhiwa uamuzi wa kumuua baba au kumwacha hai. Ugonjwa ndio unaoamua, na uamuzi wa kitabibu ni wetu tuubebe nanyi. Tunachokitafuta kwako ni ushahidi. Sisi tumemkuta baba amelala. Hatujui alikuwa mtu wa namna gani. Aliwahi kusema nini alipomwona rafiki yake amelazwa miaka na kiharusi? Angeona maisha ya kutegemea mashine ni maisha, au angeona ni kifungo? Kitu gani asingekubali kukosa? Usitujibu unachokitaka wewe. Tujibu ambacho yeye angesema kama angeamka kwa dakika tano, akaelezwa kila kitu, kisha akalala tena. Ninyi mkikaa na mama mkakubaliana juu ya hilo, kazi mliyokuwa mmepewa mmeimaliza, na hakuna ndugu mwenye haki ya kuja baadaye kusema wewe ndiye uliyeamua.

Si lazima kila kitu kiamuliwe leo. Mnaweza kukubaliana na madaktari muda: tumsaidie kwa nguvu zote kwa siku tano au saba, pamoja na mashine ya figo, kisha tukae tena tuone anabebwa zaidi au pungufu. Mwekeane wazi ni dalili zipi mtaziita nafuu. Utaratibu huu umezisaidia familia nyingi nilizozihudumia, kwa sababu unaondoa swali la kila usiku. Na ikifika siku hiyo ikaonekana mwili haurudi, kuacha kuongeza mashine hakumaanishi kumtelekeza. Tiba shufaa huendelea: dawa za maumivu na za kuondoa kukosa pumzi, kengele zimezimwa, watu wake wamemzunguka. Baba anaweza pia kupata tiba hiyo sambamba na matibabu mengine, hata akielekea kupona. Iombeni mapema.

Akitoka, jiandaeni pia kwa hilo. Misuli huyeyuka upesi sana kwenye kitanda cha ICU, hivyo baba aliyeingia anatembea anaweza kutoka hawezi kushika kijiko. Kumbukumbu inaweza kulegea, usingizi ukawa na ndoto mbaya, akawa mwepesi wa hasira au kulia, kwa miezi. Wataalamu wanalitambua kundi hili la matatizo kwa jina lake, na wamelitambua pia kwa familia: ndugu waliokaa nje ya mlango ule hubaki na hofu na huzuni, wengine kwa muda mrefu. Wewe unayewabeba wote ni wa kwanza kwenye orodha hiyo. Pangeni zamu. Ulale kwako usiku mmoja kati ya miwili.

Kwa leo, nunua daftari. Ukurasa wa kwanza andika tarehe, asilimia ya oksijeni, dawa ya presha imepanda au imeshuka, mkojo umetoka kiasi gani. Ni mistari minne tu. Ukurasa wa nyuma waachie mama na wadogo zako wamwandikie baba: nani alikuja, nini kilitokea, alifungua macho saa ngapi. Wauguzi wa nchi za Skandinavia wamekuwa wakiandika shajara za namna hiyo kwa miaka mingi, maana mgonjwa akiamka huwa na shimo la siku nzima nzima, na shajara humrudishia siku zake. Jioni mkiingia, mpeleke mama upande wa mkono usio na sindano. Mwekee kiti. Namba zichukue wewe.